Thady Considine Hakuiba Farasi

Carmel, zima hiyo redio, na wewe Austin vua buti ukae, maana ninayotaka kusema ni marefu na pumzi nilizobakiwa nazo ni chache, sitaweza kurudia. Tess, mjukuu wangu, kaa hapa kitandani, uniinue ukiona nateleza. Asubuhi daktari aliwaambia pale barazani kwamba zimebaki siku chache, akadhani kuta za mbao hazipitishi sauti. Nimesikia. Akili yangu ni timamu, wakili ameshaandika yote, na sahihi nilitia juzi, Austin ulipokuwa mnadani na ndama wako. Kwa hiyo nisikilizeni, wanangu, kama watu wanaoarifiwa, si kama watu wanaoombwa ushauri.

Nitaanza na Thady Considine, baba wa babu yangu, kwa sababu sehemu ya haya nitakayogawa leo ilikuwa yake.

Nyinyi mlikua mkiyaona masanduku ya karatasi juu ya meza ya kulia, na kila Jumanne ya kwanza ya mwezi mama hayupo, kapanda treni kwenda Melbourne, na baba yenu anawakaangia mayai. Austin ulikuwa ukiyaita wafu wa mama. Hamkuwahi kuniuliza nilianzia wapi, nami sikuwaambia, kwa sababu ni jambo la aibu. Nilianzia darasani, shule ya masista hapa hapa Dunmoor, nikiwa na miaka minane. Kila nilipoingia, wavulana wa viti vya nyuma walilia kama farasi. Walilia vizuri, kwa zamu, na mmoja alipiga kwato kwa visigino vyake sakafuni. Sista alikuwa akigonga meza wanyamaze, lakini nilimwona akiuma mdomo asicheke. Nikarudi nyumbani nikamwuliza baba, naye akaweka kijiko chini akasema, "Babu yangu aliiba farasi wa Pelham, akafungwa. Basi. Kula."

Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, baba yangu, lakini aliishi kama mtu anayepita chini ya mlango mfupi. Kiwanda cha siagi hakikumchukua, maana mwenyekiti alikuwa wa ukoo wa Pelham. Kanisani alikaa benchi la mwisho na akatoka kabla ya wimbo wa mwisho. Wiki aliyokufa, mwaka sabini na nne, alinishika mkono akaniambia, "Dympna, sikuwahi kuamini kwamba aliiba. Lakini sikuwahi kutafuta. Niliogopa nisije nikakuta ni kweli." Tulimzika Ijumaa. Jumanne iliyofuata nilipanda treni.

Kule kwenye jumba la mafaili ya serikali alikuwapo mzee mmoja mkimbizi wa Hungaria, Bwana Halasz, aliyevaa koti la suti na kandambili. Nilimtajia jina na mwaka, akaenda, akarudi na daftari la gereza kubwa kama mlango wa kabati, akalifungua mbele yangu. Thady Considine, mzaliwa wa Clare, Ayalandi, miaka thelathini na sita, macho ya kijivu, kovu kwenye kidevu, asiyejua kuandika. Alifika kwa meli mwaka hamsini na nne wa karne ya kumi na tisa. Kosa, kuiba farasi. Kifungo, miaka saba na kazi ngumu. Nilisoma macho ya kijivu na machozi yakanitoka, kwa sababu baba yangu alikuwa na macho hayo hayo. Bwana Halasz akanisogezea kiti nyuma. "Mama," akasema, "ukitaka kulia, lia mbali na karatasi."

Ilinichukua miaka miwili kukusanya kisa chote, nami nitawaambia kwa ufupi. Thady alipata ekari themanini za mtoni kwa ile sheria iliyowapa watu wadogo mashamba. Josiah Pelham, aliyekuwa na kondoo kuanzia hapa hadi milimani, aliyahitaji maji ya mto ule, na sheria ilimzuia. Asubuhi moja polisi walimkuta farasi mwenye chapa ya Pelham amefungwa kwenye uzio wa Thady. Yeye alisema hamjui farasi huyo. Mke wake, Honor, alisema hamjui. Gazeti la Dunmoor la wiki ile likaandika kwamba shahidi mkuu alikuwa jirani ya mshtakiwa, Mwayalandi mwenzake, aliyesafiri naye meli moja, naye aliapa kwamba alimwona kwa macho yake akimvuta farasi kwa kamba, na alitoa ushahidi huo akitokwa na machozi. Jina lake gazeti halikuliandika. Faili la mahakama lilikuwa limeoza kwa maji ya paa bovu.

Honor alitolewa kwenye shamba kabla ya mwezi kwisha. Alijenga kibanda cha magome ya miti kando ya barabara ya mnadani, akakaa humo na watoto wanne, na baridi ya mwaka ule ilichukua wawili, Bridie na mdogo ambaye daftari la vifo halikumpa hata jina. Thady alipotoka gerezani mgongo wake ulikuwa umekwisha. Alivunja kokoto za barabara ya wilaya, akiwa amekaa, mpaka akafa. Kaburi lake liko upande wa uzio, kwenye nyasi, halina hata kijiwe.

Nipe maji, Tess. Kidogo tu.

Sasa, mtu mmoja alilia mahakamani na kuapa uongo, na mimi nilitaka jina lake. Sitaki kuwadanganya kwamba nilitaka ukweli. Nilitaka jina, nilitaka kujua watu wake wako wapi, nilitaka niwaone wakiingia kanisani na nijue. Nikaipata orodha ya abiria wa meli ile. Majina yaliandikwa na karani Mwingereza aliyesikia alivyosikia, lakini nilipata watu wawili tu walioishia mtoni Dunmoor. Mmoja alikuwa Slattery. Wa pili karani alimwandika Goffeny, Malachy Goffeny. Nikaenda na karatasi ile jikoni. Baba yenu, Leo Gaffney, alikuwa amekaa kwenye kigoda akinimenyea viazi. Nikamwuliza, "Leo, huyu si mtu wenu? Si baba wa babu yako aliitwa Malachy?"

Aliendelea kumenya. "Wetu walikuja miaka minne baadaye," akasema, "wakashukia Adelaide, wakaja huku na mikokoteni. Huyo ni mwingine, Dym. Akina Malachy Ayalandi ni wengi kama viazi hivi."

Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini? Shamba hili la mtoni ninalolitazama dirishani, lenye ng'ombe wako Austin, lilikuwa la Thady, hilo nililijua. Hati ilionyesha jina la Pelham, kisha Gaffney, na Leo alisema wazee wake walilinunua kwa Pelham kwa jasho lao, miaka mizuri ya sufu. Mimi nilifikiri Mungu amenirudisha nyumbani kwa mlango wa ndoa. Nilimshukuru kwa hilo kila Jumapili.

Akabaki Slattery.

Carmel, usitazame sakafu. Nitazame mimi. Mwaka themanini na moja ulikuwa na miaka ishirini na minne na pete ya Vin Slattery kidoleni, na gauni likiwa limeshakatwa, nami nilikuambia kwamba siku utakapoingia katika nyumba ile hutaingia tena katika hii. Nilisema mengine pia, ambayo unayakumbuka na sitayataja mbele ya Tess. Vin alikuja uani, kofia mkononi, saa ya kukamua. Aliniuliza, "Mama Gaffney, mimi nimekosa nini?"

Nikamwambia, "Wewe hujakosa. Damu yako ndiyo iliyokosa."

"Damu ya miaka zaidi ya mia iliyopita?"

"Hiyo hiyo."

Baba yenu alikuwa hatua kumi kutoka pale, akisafisha sakafu ya banda kwa mpira wa maji. Alisikia kila neno. Alichofanya ni kufungulia bomba zaidi, maji yakapiga kelele kubwa, na Vin akavaa kofia yake akaenda. Ulirudisha pete kwa posta. Ukaenda kufundisha mjini, ukawa unarudi Krismasi na Pasaka, na miaka thelathini na minane hujawahi hata kunibamizia mlango kwa hilo. Ningependa ungenibamizia.

Mwaka themanini na nane nilikwenda Clare. Niliikuta nyumba aliyotoka Thady, ukuta mmoja na mibigili, na juu kidogo ya hapo aliishi mzee Pakie Considine, jamaa yetu, mwenye mbwa watatu na meno mawili. Alinipa chai nyeusi kama lami. Nilidhani nitamletea habari, kumbe yeye alikuwa na yake. "Thady?" akasema. "Huyo alipata ardhi kubwa kwenu, akatajirika, akatusahau. Mama yake alikuwa akienda kwa padri kila mwezi kuuliza barua. Miaka kumi na minne. Akafa akiwa amekataza jina lake lisitajwe mezani." Nikamweleza palepale kwamba Thady hakujua kuandika na kwamba alikuwa gerezani akivunja mawe. Yule mzee aliondoa mikono mezani akaiweka magotini. Akaniuliza, "Nani alimfanyia hivyo?" Nikamwambia ni Slattery. Akatema mate motoni, nami nikaona raha. Nawaambia kama ilivyokuwa. Niliona raha.

Niinue, Tess. Hapo. Hapo panatosha.

Baba yenu alifariki miaka minne iliyopita, kwenye kitanda hiki, upande ule. Siku tatu kabla hajakata roho aliniuliza, "Dym, nimekuwa mume mwema kwako?" Nikasema ndiyo. Nilisema bila kufikiri, nikiwa namfuta mdomo. Jibu lile nalitaka lirudi. Nimelitaka kila siku tangu Agosti iliyofuata kifo chake, nilipoingia banda la zana kutafuta dawa ya minyoo ya ndama, nikavuta kopo la biskuti nyuma ya makopo ya rangi, na ndani yake nikakuta bahasha.

Tess ndiye aliyenisomea, kwa sababu macho yangu yameshachoka na mwandiko ni wa zamani. Umekaa na siri hii kwa ajili yangu, mtoto, na leo nakufungulia. Barua yenyewe ni ya mwaka sitini na saba wa karne ile, imeandikwa na msimamizi wa Pelham kwenda kwa Malachy Gaffney. Inasema kwamba kwa kuwa Malachy ametimiza mbele ya hakimu yale waliyokubaliana, shamba la mtoni litaandikwa kwa jina lake pindi maneno ya watu yatakapopoa, na kwamba ng'ombe wa Pelham wataendelea kunywa maji pale. Hawakununua kwa jasho. Malachy alilipata kwa kulia mahakamani.

Hiyo peke yake ningeibeba. Malachy simjui, ni mifupa. Lakini nyuma ya bahasha, kwa penseli ya kuhesabia lita za maziwa, kwa mwandiko wa mtu aliyelala pembeni yangu miaka sitini, imeandikwa: Dym asiione. Na tarehe, Mei mwaka sabini na sita. Mwezi ule ule nilipomwuliza akimenya viazi. Miaka mitano kabla Vin Slattery hajasimama uani.

Nyamaza, Austin. Nimekwambia nyamaza. Najua alikuwa baba mwema. Alikuogesha, alikufundisha kuendesha trekta, alikaa nawe hospitali ulipovunjika nyonga. Najua pia kwa nini alificha. Aliogopa kunipoteza na aliogopa kupoteza shamba, na sijui ni lipi lilitangulia, na hilo la kutojua ndilo linaloniua kabla ya huu moyo. Angeweza kuichoma barua. Hakuichoma. Aliitunza mahali pakavu, akaniacha nitafute miaka arobaini, akanitengenezea mkate wa kubeba kwenye treni. Na akamtazama binti yake mwenyewe akivua pete, akafungulia maji.

Simsamehi. Padri alikuja Jumatatu akaniambia siwezi kufa hivi. Nikamwambia atazame tu, nitaweza.

Sasa sikilizeni mgawo.

Shamba la mtoni, ekari zote themanini, ni la Carmel, na limekwisha kuandikwa kwa jina la Considine. Uliuze, ulilime, uliache nyasi ziote, hakuna atakayekuuliza. Mwaka jana Tess aliniuliza lilikuwa la nani kabla ya Thady, akiwa na maana ya wenyeji wa nchi hii, waliofukuzwa na bunduki za akina Pelham kabla hata Thady hajashuka melini, nami nikamfokea. Lilikuwa swali la haki. Nguvu zangu zote nilizimaliza kwa mtu mmoja. Wewe Tess unazo zako. Masanduku yangu yote ya karatasi ni yako, anzia hapo.

Nyumba hii, banda, ng'ombe na shamba la juu ni vya Austin, kwa sharti moja. Mwezi ujao mji unasherehekea miaka mia na sitini, na akina Pelham wanaweka bamba la shaba mbele ya ukumbi, na familia za kwanza zimepewa dakika tano tano za kusema. Jina Gaffney limo kwenye orodha. Utapanda jukwaani, utaisoma barua hii yote, utataja jina la Josiah Pelham na watu wake wakiwa wamekaa mstari wa mbele na keki zao mapajani, kisha utataja jina la Malachy, kisha la baba yako. Usiporuka hata moja, nyumba ni yako. Ukiruka, wakili ana maagizo, na vyote vinakwenda kwa Vin Slattery. Yuko hai, ana duka la matairi Hamilton. Nilimwandikia barua ya kumwomba radhi mwezi wa tisa. Amejibu kwa mstari mmoja: Asante kwa kunijulisha. Sikustahili zaidi.

Mimi msinizike na baba yenu. Jina langu limeshachongwa pale kwenye jiwe lake, tulilichonga pamoja kwa sababu ilikuwa nafuu, imebaki tarehe tu. Mleteni fundi alitoe kwa patasi. Asilijaze saruji, paachwe na shimo, watu wapite waone kwamba palikuwa na mtu akaondoka. Mnizike kwenye uzio, kwenye nyasi, kando ya Thady, na juu yake muweke jiwe, limeshalipiwa, liko kwa mchongaji. Limeandikwa jina lake, na Honor, na Bridie, na mtoto asiye na jina, na chini maneno mawili. Hakuiba farasi. Hayo ni mawili, sivyo? Mawili.

Tess, umeniuliza jana jikoni, ukiwa umenipa mgongo, kama ningeipata barua ile babu yako akiwa hai ningemfanya nini. Nilijifanya sikusikia. Ningemfukuza. Ningemtupia nguo zake kwenye matope mbele ya wakamuaji. Na baada ya wiki moja, labda mbili, ningekwenda kumtafuta alikolala nimwulize amekula nini. Ndiyo maana ninamchukia hivi. Alininyima hata hilo.

Carmel, wewe sikuombi unisamehe. Nimekaa na neno hilo miaka minne na sikupata haki ya kulitoa, kwa kuwa mwenyewe sijalitoa. Nakwambia tu kwamba ulipenda mtu mwema na mimi ndiye niliyekosea. Unalia. Lia, hapa hakuna karatasi za serikali.

Mkono... nipe mkono, Austin. Na wewe Carmel, huu mwingine. Baridi, eh. Mungu wa Thady na Honor awatazame kwa jicho zuri. Awape usingizi. Awape watu wa kuwaambia ukweli mapema, mkiwa bado mna muda wa kugombana. Msigombane juu ya ng'ombe. Tess aolewe na amtakaye, hata akiwa Pelham. Nimesema. Hata Pelham. Nawabariki kwa majina yote mawili, nusu ya Thady na nusu ya yule, kwa kuwa siwezi kuwakata katikati.

Dirisha... hapana, liache.

Austin, bahasha iko chini ya mto wangu. Itoe. Taratibu, imechakaa kwenye mikunjo. Simama pale mlangoni. Soma.

Unanong'ona, mwanangu. Ukumbi ule ni mrefu. Anza tena, kwa sauti... watu wa nyuma wasikie.